Mtepe wa Nyumba ya Maajabu

Mtepe ulioundwa Unguja mwaka 2003, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, ulikuwa kazi njema. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, kama walivyofanya wazee. Lakini naona kasoro moja kubwa: chombo kilitiwa ndani ya nyumba, wala elimu ya kukiendesha haikutiwa ndani ya vijana. Na nyumba yenyewe ilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Wenyeji wa Hawaii walishika njia nyingine. Mwaka 1976 chombo chao Hōkūleʻa kilifika Tahiti pasipo dira, kikiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, kwani kwao elimu hiyo ilikuwa imekwisha potea. Baadaye mzee huyo akamfundisha kijana wao, Nainoa Thompson, naye mwaka 1980 akaiongoza safari ile mwenyewe.

Hasara yetu ni ya lugha pia. Hapa Morogoro mtoto husema kaskazini na kusini, asijue kwamba ndani yake mna kaskazi na kusi, pepo za mabaharia. Joshi na demani atazisoma katika kamusi. Lakini asiyepata kushika damani ya tanga atalijuaje joshi? (Hata mwalimu wake hulibahatisha.)

Ngalawa zingaliko Bagamoyo na Unguja, na manahodha wake wangali hai. Afadhali shule za pwani ziwapeleke wanafunzi kwao, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kuliko kuunda mtepe wa pili wa kutazamwa.