Jini Aaminikaye na Jirani Asiyeaminika: Ufundi wa Fantasia ya Mjini na Mapenzi ya Mji Mdogo kwa Msomaji wa Kwale

Riwaya pendwa, yaani riwaya inayoandikwa kwanza kabisa ili isomwe kwa raha na watu wengi, huhukumiwa na wasomaji kabla haijafikiwa na wahakiki, na hukumu yenyewe huja kwa maneno machache: inavutia, imeharakishwa, haiaminiki, mwisho wake haukutosheleza. Maneno hayo huonekana mepesi, ingawa nyuma ya kila moja kuna uamuzi wa kiufundi uliofaulu au ulioshindwa, na kazi ya uchambuzi ni kuutafuta uamuzi huo ndani ya maandishi. Aina mbili za riwaya hizi zinastahili kutazamwa pamoja. Ya kwanza ni fantasia ya mjini, ambamo viumbe vya ajabu huishi katika mji halisi wenye mitaa na majina yanayojulikana. Ya pili ni riwaya ya mapenzi ya mji mdogo, ambamo watu wawili hupendana huku mji mzima ukiwatazama, ukiwasengenya na hatimaye ukiwaamulia. Zinapofika pwani ya kusini ya Kenya, katika kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi Shimoni na Lunga Lunga, huangukia mikononi mwa msomaji ambaye waliozianzisha hawakumfikiria, na shaka ya msomaji huyo huelekea kule wasikoitarajia: jini humsadiki mapema, jirani ndiye anayemkataa.

Mbinu kuu ya fantasia ya mjini, kama ilivyojengwa na Emma Bull katika War for the Oaks ya mwaka 1987, yenye mandhari ya Minneapolis, na Neil Gaiman katika Neverwhere ya mwaka 1996, yenye mandhari ya London, inaweza kuitwa mbinu ya pazia. Mji una sura ya juu inayoonekana na wote na sura ya chini isiyoonekana, mhusika mkuu haamini kuwapo kwa ile ya pili, kisha kurasa nyingi hutumika kumtoa kwenye shaka hadi kwenye yakini, na mvutano wa sehemu ya kwanza hutokana na safari hiyo ya kuamini. Kwa msomaji aliyekulia Kinondo au Wasini, sehemu hii huelekea kuwa ndefu kupita kiasi. Kwamba ulimwengu usioonekana upo hakumshangazi, kwa kuwa dini yake inamtajia majini na simulizi za wazee zinamtajia mizimu. Anachosubiri kuambiwa ni masharti ya ulimwengu huo.

Suala la masharti ndilo moyo wa ufundi wa fantasia, na mfano wake ulio wazi uko hatua chache kutoka barabara ya hoteli za Diani. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, haiingiwi ovyo: mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji, hakatazwi kugusa mti lakini hukatazwa kuondoka na chochote, na wapenzi hawaruhusiwi kubusiana humo. Hakuna anayemthibitishia mgeni kwamba mizimu ipo. Anapewa miiko tu, na miiko hiyo ikishatajwa msitu unakuwa na uzito ambao maelezo marefu ya kutisha yasingeupata. Mwandishi wa fantasia anayeielewa njia hii hutaja katazo mapema, huliacha likae, kisha humfanya mhusika alivunje kwa sababu anayoiona kuwa njema. Asiyeielewa humpa jini uwezo mpya kila anapobanwa na kisa, na hapo ndipo msomaji husema kwamba hadithi haiaminiki, akimaanisha kwamba sheria zimebadilishwa katikati ya mchezo.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kulichezea pazia hili kwa namna nyingine kabisa. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960, aliuweka mwili wa mhusika Bwana Ali kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko panapoogopwa na watu, halafu akamleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake afike kwa muuaji kwa njia ya hoja. Ufundi wake ni kwamba hofu ya mzimu inabaki kuwa nguvu ya kweli katika jamii, yenye kuwafanya watu wakae mbali na kunyamaza, hata pale ambapo kifo chenyewe kina mkono wa binadamu. Kwa hiyo msomaji anayeamini mizimu na asiyeamini wote wawili wanaridhika, jambo gumu sana kulifanya, na ni haki kusema kwamba waandishi wengi waliomfuata waliiga kiko kuliko usawa huo.

Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alichukua njia ya kinyume, na kazi yake ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi. The House of Rust, riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza baada ya mswada wake kushinda tuzo ya kwanza ya Graywolf Press kwa Afrika mwaka 2018, ilichapishwa mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin. Aisha, binti wa Kihadhrami wa Mombasa, anampoteza baba yake mvuvi baharini, naye anaondoka kumtafuta kwa chombo cha mifupa akiwa na paka msemaji aitwaye Hamza, hadi anapokabiliana na madubwana ya baharini ambayo kubwa lao ni Baba wa Papa. Bajaber hatumii mbinu ya pazia hata kidogo. Paka anaposema, Aisha hapotezi muda kuuliza kama paka husema. Swali lake ni la mtu aliyelelewa mjini, kwamba huyu anayesema anataka nini na malipo yake ni yapi. Kwa uamuzi huo mmoja mwandishi anaokoa kurasa ambazo wenzake wa Minneapolis na London wangezitumia kushawishi, na anazitumia kwa majadiliano, yaani kwa hila, viapo na maneno ya kupimana, ambayo ndiyo silaha za Aisha.

Lalamiko linaloweza kutarajiwa dhidi ya kitabu hiki ni kwamba kinapoa baada ya bahari. Baba anarudishwa nyumbani wakati riwaya bado ina safari ndefu mbele yake, na kuanzia hapo kisa kinahamia nchi kavu, kwenye kunguru wenye siri zao, kwenye majirani, na kwenye shauri la bibi, Hababa Swafiya, anayetaka mjukuu wake aolewe na kutulia. Anayesoma kwa kanuni ya kilele kimoja ataona kwamba mwandishi ameimaliza hadithi mapema kisha akashindwa kunyamaza. Usomaji huo haukubaliki, kwa sababu mpangilio wenyewe una hoja: dubwana la baharini lina umbo, lina njaa na lina masharti, hivyo linaweza kushindwa, ilhali mapenzi ya bibi anayemtakia mjukuu mema hayana pa kupigwa. Mwandishi anamweka Aisha mbele ya papa kwanza ili msomaji ajue kwamba binti huyu si mwoga, na asije akadhani kwamba kusitasita kwake mbele ya ndoa ni udhaifu. Lililo haki kulaumiwa ni msongamano wa lugha katika sehemu hiyo ya pili, ambapo tamathali hufuatana bila nafasi ya kupumua na mazungumzo ya kunguru huzuia mwendo uliohitajiwa.

Katika shauri hilo la ndoa ndipo fantasia inapokutana na mapenzi ya mji mdogo. Aina hii, ambayo Robyn Carr aliisambaza sana kwa mfululizo wa Virgin River ulioanza mwaka 2007, hutegemea mtambo rahisi: mtu anatoka mji mkubwa akiwa na jeraha la moyo, anafika mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, na wenyeji wanampokea hadi anapona. Kwale ina kila kifaa cha mtambo huo. Ina walimu na wauguzi wanaohamishiwa Msambweni kutoka bara, na ilikuwa na wafanyakazi wa machimbo ya titani yaliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2024 na kuziacha familia zikiamua nani anabaki na nani anaondoka. Hata hivyo, mtambo ukiletwa vilevile ulivyo, jirani wake hataaminika, kwa kuwa anapokea mgeni bila kuuliza ni mtoto wa nani. Kwa Wadigo wa Kwale, ambao zamani urithi ulipita kwa mjomba kwenda kwa mpwa hadi sheria ya Kiislamu ikashindana na desturi hiyo, posa isiyo na mjomba ni pengo katika kisa, na msomaji hulihisi hata asipolitaja.

Pengo la namna hiyo liko wazi katika Die weiße Massai, kumbukumbu ya Corinne Hofmann wa Uswisi iliyochapishwa mwaka 1998 na kusomwa na wengi kama riwaya ya mapenzi. Akiwa likizoni pwani ya kusini, anamwona kijana wa Kisamburu kwenye feri ya Likoni, na uamuzi wa maisha yake unatokana na mtazamo huo mmoja. Kwa kuwa kila kitu kinasimuliwa kutoka ndani ya kichwa chake, watu wa pwani wanabaki kuwa njia ya kupita, na nafsi ya mwanamume inajulikana tu kwa jinsi inavyomfurahisha au kumtisha msimulizi. Kinyume chake, Shafi Adam Shafi, katika riwaya ya Vuta n'kuvute ya mwaka 1999, anampa Yasmin, msichana aliyemkimbia mume mzee aliyeozwa, rafiki aitwaye Mwajuma, mwenye nyumba, sauti na akili yake mwenyewe. Ni kwa kupitia nyumba hiyo ndipo mapenzi ya Yasmin na mpenzi wake Denge yanapata mtaa wa kuyatunza na kuyashuhudia.

Kwa kipimo hicho cha masharti yaliyo wazi na jirani anayeaminika, The House of Rust na Vuta n'kuvute zinafaulu mbele ya msomaji wa Kwale, na kitabu cha Hofmann hakifaulu, hata kingeuzwa mara ngapi. Msomaji wa Ukunda au Msambweni anayeweka kitabu chini kwa kutokiamini anaombwa asiishie kwenye neno hilo, bali ataje ni ukurasa upi na ni mhusika gani aliyemvunjia imani, kwa maana mwandishi anayechipukia Kwale atajifunza zaidi kutokana na ushahidi huo kuliko kutokana na sifa.