Mshahara Unaokufa na Ukame
Utafiti wa David Card na Alan Krueger, uliochapishwa 1994, unasomeka kama hadithi ya upelelezi. Aprili 1992, jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake, Pennsylvania, halikubadilisha kitu. Wakafuatilia mikahawa 410 ya burger na chipsi pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. Vitabu vilisema kazi zitapungua. Wao hawakuona zikipungua. Wapinzani walirudi na rekodi za malipo kubisha hesabu, lakini 2021 Card alipata Nobel. Krueger alikuwa ameshafariki.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba waliacha kubishana, wakaenda kuuliza. Shida ni kwamba inamwona tu mtu ambaye mshahara wake una namba.

Sasa ilete Oldonyiro, huku Isiolo, ambako maisha yanazunguka soko la mifugo. Kenya pia ina kima cha chini, na agizo la mishahara ya kilimo linamtaja mchungaji waziwazi, kundi moja na mlinzi. Yaani sheria inamjua. Lakini kijana anayechunga mbuzi wa mjomba wake analipwa nini? Chakula, mahali pa kulala, pengine mbuzi jike baada ya msimu. Ukame ukija mbuzi anakufa, na malipo ya miezi yote hiyo yanakufa naye. Akidai, ataambiwa sisi ni familia. Mifugo ikigawanywa, anaweza kukumbushwa kwamba yeye alikuwa anachunga tu.

Upande wa Laikipia kuna ranchi zinazolipa wachungaji kwa shilingi. Mpaka basi tunao, kama wao. Ila ukilinganisha shilingi na bei ya mbuzi sokoni, umekosa jambo kubwa: hasara inamwangukia nani? Ng'ombe wa ranchi akifa, mwenye ranchi ndiye anayepoteza, na mchungaji bado anadai mshahara wake. Kule kwa mjomba, mchungaji amebebeshwa ukame bila mtu kumuuliza.

Msome Card na Krueger, wanastahili. Halafu uliza swali ambalo mikahawa ya New Jersey haikuwalazimu kuuliza: mvua ikikataa, nani hatalipwa?