Kuiona Medali Si Kuiona Kazi



Kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Mississauga alirudi kutoka mashindano ya kuogelea akiwa kimya. Kwa mwezi mzima alikuwa ameambiwa kila usiku afumbe macho, ajione amevaa medali. Akatii. Siku ilipofika akashika nafasi ya sita. Tulipomuuliza kilichotokea, alisema: "Labda sikuamini vya kutosha."

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mtoto ameshindwa mbio, na juu yake ametwishwa hatia ya imani haba. Je, hivyo ndivyo mazoezi ya taswira yanavyofundishwa na wenye fani yao?

Tulikifungua tena kitabu kinachojulikana sana hapa Kanada, *In Pursuit of Excellence* cha Terry Orlick, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Ottawa. Kilitoka mwaka 1980, na kimechapishwa upya mara kadhaa. Mwaka 1988 Orlick na mwenzake John Partington walitoa pia utafiti juu ya wanamichezo 235 wa Kanada waliokwenda Olimpiki za 1984; 75 walihojiwa ana kwa ana, 160 walijaza dodoso. Asilimia 99 walisema walitumia taswira.

Takwimu hiyo hupenda kunukuliwa. Lakini sisi tuliguswa zaidi na habari za Sylvie Bernier, aliyepata dhahabu mwaka 1984 katika kuruka majini kutoka ubao wa mita 3. Kila usiku kabla ya kulala alipitia miruko yake yote 10 akilini, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba yuko Los Angeles. Wala hakuanza vizuri: mwanzoni aliona watu wengine badala ya nafsi yake, au alijiona akikosea na kuumia. Ilimchukua takriban mwaka, siku kwa siku, kuzitawala picha hizo.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Bernier aliirudia kazi: hatua, mruko, mkunjo wa mwili, kuingia majini. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo huamka pia mtu anapouwaza mwendo huo, hasa akiuwaza kutoka ndani. Medali haina mwendo. Mwenye kuiona hiyo tu hajafanya zoezi, ameota.

Nasi tunaye shahidi wa nyumbani, Julius Yego wa Nandi. Katika nchi inayosifika kwa wakimbiaji, yeye alitaka kurusha mkuki, na kocha wa fani hiyo hakumpata. Akaketi mbele ya kompyuta akitazama kwenye intaneti mirusho ya Jan Železný na Andreas Thorkildsen, kisha akaenda uwanjani kuijaribu. Mwaka 2014 alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Mwaka 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 akatwaa fedha ya Olimpiki mjini Rio.

Magazeti yalipenda kumwita mtu wa YouTube, na hapo tuna ugomvi nayo. Masimulizi hayo yanameza nusu ya habari: jasho la uwanjani, na mazoezi aliyopata baadaye Finland kwa kocha Petteri Piironen. Video ilimpa picha. Mkono ndio ulioilipia. Tafiti za miaka mingi zinasema vivyo hivyo: zoezi la akilini ni bora kuliko kukaa bure, lakini halishiki nafasi ya zoezi la mwili.

Orlick naye tunamdai kidogo. Kitabu chake kinawasikiliza wanamichezo na kinatoa mazoezi yanayofanyika, na hilo ni sifa kubwa. Ila kinazungumza zaidi na mtu ambaye tayari ana bwawa, kocha na chumba chenye utulivu. Wazazi wetu wengi wanafanya kazi za zamu, watoto wanalala watatu chumba kimoja, na ada ya klabu inapigiwa hesabu mezani kila mwezi. Kumwambia mtoto wa nyumba hiyo kwamba yote yamo akilini mwake ni kumsukumia mzigo usio wake.

Basi wazazi wenzetu, tusiitupe taswira, tuifundishe vizuri. Mtoto afumbe macho dakika tano. Asikie maji baridi begani, ahesabu mikono, aguse ukuta, ageuke. Akikosea akilini, arudie pale pale alipokosea. Kesho yake akalifanye hilo hilo majini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama nako kuna namna yake.

Kijana wetu tumemwambia kwamba imani yake haikupungua. Alichokosa ni kuonyeshwa cha kutazama. Sasa anafanyia kazi kugeuka ukutani.