Arusi na Kafara katika Hadithi ya Grace Ogot

Grace Ogot (1930–2015), mzaliwa wa Asembo, magharibi ya Kisumu kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, alichapisha hadithi fupi "The Rain Came" mwaka 1964. Baadaye ikaingia katika mkusanyiko wake Land Without Thunder (1968). Chimbuko lake ni masimulizi ya jadi ya Waluo. Nchi imekauka, mganga wa mvua aagua kwamba Oganda, binti wa pekee wa mtawala Labong'o, hana budi kutolewa kafara kwa zimwi la ziwani.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama mgongano kati ya wajibu wa mtawala na mapenzi ya baba. Usomaji huo una ukweli, lakini unamsahau anayekwenda kufa. Oganda ndiye wa mwisho kuambiwa. Awaonapo wazee wakishauriana, adhani ni habari ya posa yake.

Kosa hilo ndilo kiini cha maudhui. Katika jadi ya Waluo, binti aliyeolewa aliliacha boma la baba, ng'ombe wa mahari wakabaki nyuma; mumewe akifa, alirithiwa kwa desturi ya tero. Arusi na kafara, basi, zafuata njia moja: wazee huamua, binti huarifiwa, watu huimba, naye huondoka. Ndiyo maana Oganda hahitaji kufungwa kamba. Malezi yamekwisha kumfunga.

Mwishoni Osinda, mpenzi wake, amwokoa, na mvua yanyesha ingawa ziwa halikupata kitu. Uaguzi umekanushwa. Lakini kijijini hakuna ajuaye: mvua itahesabiwa kuwa malipo ya kifo chake, na ukame mwingine utadai binti mwingine. Aliyeokoka ni Oganda, desturi haikuguswa.

Udhaifu huo waonekana wazi zaidi hadithi ikilinganishwa na Miaha (1983), aliyoiandika Ogot kwa Kiluo. Humo Nyawir, bibi arusi, alima kwa mkono wake jembe aliloamriwa kuligusa tu, na masimulizi ya kale yamtwika lawama ya taabu ya kazi kwa wanadamu wote. Oganda atii, aokolewa na mwanamume. Nyawir atenda, alaumiwa. Kati ya wahusika hao wawili, ni Nyawir peke yake aliyeiacha jamii yake ikiwa imebadilika.