Barua Pepe Inavyosubiri Mtandao: Njia ya Ujumbe Kutoka Rubaya

Vilima vya Rubaya, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, vina koltani, na ndani ya koltani mna tantalamu, madini ya kutengenezea kapasita ndogo za simu na kompyuta. Septemba 2024, mkuu wa MONUSCO, ujumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba biashara ya madini ya eneo hilo hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Hata hivyo, anayeishi juu ya utajiri huo hapati mtandao wa kutegemea, hasa vita vinapowazuia mafundi kuifikia minara au mafuta ya jenereta yanapokosekana.

Barua pepe inafaa sana mahali pa namna hiyo. Haidai watu wawili wawe hewani kwa wakati mmoja, kwa sababu ilibuniwa zama ambazo kompyuta nyingi hazikuwa zimeunganishwa saa zote.

Tuseme mwalimu wa Rubaya anatuma ombi la masomo kwenye chuo cha Nairobi. Akibonyeza kutuma wakati mtandao umekatika, programu ya barua huuweka ujumbe ndani ya simu. Mtandao ukirudi, huukabidhi kwa seva ya kampuni yake ya barua. Seva hiyo husoma jina lililo kulia kwa alama ya @, alama aliyoichagua Ray Tomlinson mwaka 1971, kisha huuliza DNS, daftari la majina ya intaneti, ni seva ipi inayopokea barua za jina hilo. Ikishajibiwa, seva mbili huzungumza kwa SMTP, itifaki ambayo Jon Postel aliichapisha mwaka 1982. Moja hujitambulisha, hutaja barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, halafu hupitisha maandishi yenyewe.

Neno la mwisho katika mazungumzo hayo ndilo lenye uzito. Seva ikishasema imepokea, wajibu umehamia kwake: ama iufikishe ujumbe, ama imrudishie mtumaji taarifa ya kushindwa. Na seva ya chuo ikiwa imezimika, ile inayotuma haiutupi ujumbe. Kanuni za SMTP zinashauri ingoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5. Umeme ukikatika chuoni siku mbili, ombi la mwalimu bado liko njiani.

Afrika Mashariki iliishi kwa utaratibu huu kabla ya kupata intaneti ya kudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta za Chuo Kikuu cha Makerere na za mashirika ya Nairobi zilitumia FidoNet, mfumo alioubuni Tom Jennings mwaka 1984. Barua zilikusanywa, zikabanwa ziwe ndogo, kisha zikapitishwa kwa modemu na simu ya kimataifa hadi lango la GreenNet mjini London, lililoziingiza kwenye intaneti. Simu moja fupi ilibeba barua za watu wengi.

Mtandao wa HealthNet ulikwenda mbali zaidi. Uliendeshwa na SatelLife, shirika lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown ili waganga wa nchi zenye mawasiliano duni waweze kuulizana na kupata makala za tiba. Setilaiti yake HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993, iliizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 800 hivi, kila mzunguko ukichukua kama dakika 100. Ilipopita juu ya kituo, kompyuta ilikuwa na dakika chache za kupandisha barua na kuteremsha zilizokuja. Setilaiti ilizihifadhi, ikaenda kuzishusha upande mwingine wa dunia.

Leo mwenye simu Rubaya ana njia tatu za kufungua sanduku lake, na tofauti zake huonekana kwenye mega anazonunua. Ya kwanza ni kivinjari: hufaa kwenye kompyuta ya watu wengi, mradi atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka, lakini kila ukurasa hula mega. Ya pili ni POP, inayoteremsha barua kwenye kifaa kimoja na mara nyingi kuzifuta kwenye seva. Kifaa kikiibiwa, barua zimekwenda nacho. Ya tatu ni IMAP, aliyoianzisha Mark Crispin mwaka 1986. Hiyo huacha barua kwenye seva na inaweza kuleta vichwa vya barua kwanza, viambatisho vikabaki hadi mtumiaji avitake. Kwa mtandao dhaifu na simu inayoweza kupotea, IMAP ndiyo inayostahili kuchaguliwa.

Viambatisho navyo vina gharama iliyofichika. SMTP ilitengenezwa kubeba maandishi, hivyo picha hugeuzwa kuwa herufi, kila baiti 3 zikawa herufi 4. Picha ya mega 3 husafiri ikiwa na mega 4. Cheti kilichopigwa picha kikipunguzwa ukubwa kabla ya kutumwa, hupita hata pale mtandao unapoonekana kwa dakika chache.

Kinachobaki ni ufunguo wa sanduku lenyewe, ambao vita vinaweza kuupoteza. Rubaya ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Familia nyingi za Masisi zimehama zaidi ya mara moja. Aliyepoteza laini ya simu hapati namba za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS, na Google inaweza kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2. Gmail hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Zikiandikwa kwenye karatasi na kutunzwa pamoja na kadi ya mpiga kura, mwenyewe akilikumbuka neno lake la siri anaweza kufungua sanduku lake kwenye kompyuta ya Kampala au Bujumbura, bila laini aliyoipoteza Masisi.