Kitazame Kichupa Kwanza

Ukienda kufanyiwa tiba ya uso kwa plazma ya damu yako mwenyewe, ile inayojulikana kama PRP, usihangaike na picha za wateja zilizobandikwa ukutani. Omba kuonyeshwa kichupa.

Kikitoka kwenye mashine ya kuzungushia damu, kichupa kizuri huwa na matabaka: chini wekundu uliokolea, juu majimaji ya njano kama chai ya mchaichai, na katikati utando mweupe mwembamba. Kiinue mbele ya ukuta mweupe. Majimaji yakiwa na rangi ya waridi, jua seli nyekundu zimepasuka. Pengine sindano ilikuwa nyembamba mno, au kichupa kilitikiswa kama dawa ya kikohozi badala ya kupinduliwa taratibu. Yakiwa na ukungu wa maziwa, huenda ulikula mafuta muda mfupi kabla ya kutolewa damu. Kwa ngozi nyeti, ile inayowasha hata kwa kubadili sabuni tu, plazma ya waridi mimi naikataa. Mabaki ya seli huchochea uvimbe.

Kinachotafutwa katika plazma hii ni chembe sahani. Damu ya kawaida ina chembe hizo 150,000 hadi 450,000 katika mikrolita moja. Kwa plazma ya tiba, wengi katika fani hii hulenga kama milioni 1. Muulize mhudumu mashine yake huziongeza mara ngapi. Anayeijua kazi yake hujibu kwa tarakimu, na halazi plazma kwenye friji, kwa kuwa baridi huziamsha chembe hizo kabla ya wakati.

Lakini kipimo kikubwa kuliko vyote ni lebo. Mwaka 2018, katika spa moja isiyo na leseni huko New Mexico, Marekani, wakaguzi walikuta vichupa vya damu visivyo na majina kwenye kaunta ya jikoni, na vingine ndani ya friji pamoja na chakula. Baadhi ya wateja waliambukizwa VVU. Kwa hiyo jina lako liandikwe ukiwa unaona, na sindano ifunguliwe mbele yako.

Kinachochoma ngozi nyeti mara nyingi si damu, ni krimu ya ganzi au losheni yenye manukato inayopakwa baadaye. Omba zijaribiwe kwanza nyuma ya sikio, siku moja kabla. Mhudumu mzuri pia atakuuliza kuhusu keloidi na dawa za kuzuia damu kuganda kabla hujamwambia.

Ukikuta kichupa kisicho na jina, chukua mkoba wako uondoke, hata kama umeshalipa.