Jointi ya Usukani: Sifa ya Kazi Isiyoonekana

Kila amri ambayo dereva huitoa kwa mikono yake hupita katika jointi moja ndogo kabla ya kufika kwenye tairi. Jointi hiyo hukaa chini ya boneti, pale shafti inayotoka kwenye usukani inapokutana na boksi la usukani. Katika Chevrolet K5 Blazer, gari la Marekani la njia mbovu lililoingia sokoni mwaka 1969, na katika pikapu za kampuni hiyo hiyo za miaka ya 1970 na 1980, jointi hiyo ni kisahani cha mpira. Kukiondoa na kufunga krosi ya chuma mahali pake ni kazi ya saa chache kwa fundi mwenye vifaa. Hata hivyo, ni kazi inayodai karibu kila sifa ya ufundi wa magari: subira ya kupima, akili ya kuelewa kwa nini kitu kiliwekwa kabla ya kukiondoa, na uaminifu wa kukaza bolti ambayo mwenye gari hataiona kamwe.

Kisahani cha mpira hutengenezwa kwa tabaka za mpira na kitambaa zilizoshindiliwa pamoja. Upande mmoja hufungwa kwenye flanji ya shafti ya juu, upande wa pili kwenye flanji inayoshika meno ya boksi. Chuma cha juu hakigusani na chuma cha chini, na mpira peke yake ndio unaobeba mzunguko. Wahandisi hawakuuchagua kwa sababu ya bei tu. Katika magari ya aina hii bodi hukaa juu ya chasisi kwa kutenganishwa na bushi za mpira. Usukani umeshikwa na bodi, boksi limeshikwa na chasisi, na gari linapopita kwenye makorongo viwili hivyo haviendi pamoja. Kisahani hupinda kidogo na kuupokea mwendo huo. Vilevile huzuia mitetemo ya barabara na mlio wa pampu ya usukani visipande hadi mikononi mwa dereva. Zaidi ya hayo, flanji zimewekewa vizuizi vya chuma: mpira ukikatika kabisa, chuma hukamata chuma na dereva hubaki na uwezo wa kukata kona, ingawa usukani utakuwa na uwazi mkubwa.

Mpira una maadui watatu: joto, mafuta na umri. Katika Blazer yenye injini ya V8, bomba la egzosi la upande wa kushoto hupita karibu na shafti. Boksi la usukani likianza kuvuja, mafuta huulainisha mpira na kuuvimbisha. Miaka nayo huukausha na kuupasua. Mwenye gari akifunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, mzigo wa kuzigeuza huongezeka na kisahani kilichochoka husalimu amri mapema. Dereva huanza kuona kwamba usukani unacheza: anausogeza kidogo na gari halijibu, anauongeza na gari linajibu kupita kiasi. Kwenye barabara ndefu anajikuta akisahihisha mwendo muda wote, na mabega yake huchoka kabla ya injini.

Hapa ndipo ufundi unapoanza, kwa kuwa si kila usukani unaocheza una ugonjwa wa jointi. Fundi mzuri huacha tairi zikiwa chini, huwasha injini ili pampu ifanye kazi, kisha humwomba msaidizi ausogeze usukani kushoto na kulia kwa kiasi kidogo. Yeye huinama na kuweka macho kwenye jointi. Flanji ya juu ikizunguka huku ya chini ikichelewa, kosa liko kwenye kisahani. Flanji zote mbili zikizunguka kwa pamoja lakini mkono unaotoka chini ya boksi ukachelewa, kosa liko ndani ya boksi. Boksi lenyewe likiyumba, fundi huchukua brashi ya waya na kusafisha chasisi pale lilipofungwa, kwa sababu magari haya ya Chevrolet yanafahamika kwa kupasuka chasisi sehemu hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mahali hapo hauzibwi na jointi mpya hata iwe ya gharama gani.

Ikithibitika kwamba kosa ni la kisahani, njia ni mbili. Ya kwanza ni kufunga kisahani kipya cha mpira, na kwa gari linalotembea kwa upole barabarani, hiyo ni njia ya heshima. Ya pili ni krosi. Kifaa hiki kina historia ndefu: barani Ulaya kinahusishwa na Mwitaliano Gerolamo Cardano wa karne ya 16 na Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17, na ndicho hicho hicho kinachozungusha propela shafti za malori hadi leo. Vishikio viwili vyenye umbo la panda ya manati hukutanishwa na msalaba wa chuma katikati, na kila ncha ya msalaba huzunguka ndani ya beringi za sindano. Krosi haibonyei wala hainyumbuki, kwa hiyo dereva anachokigeuza ndicho boksi linachokipokea.

Krosi ina tabia yake, na asiyeijua huharibu kazi. Shafti mbili zinapokutana kwa pembe, ya pili haizunguki kwa mwendo sawa na ya kwanza. Kwa pembe ya nyuzi 30, mwendo wake hupanda hadi mara 1.15 na kushuka hadi mara 0.87, na hurudia hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Dereva huhisi usukani ukiwa mzito mahali fulani na mwepesi mahali pengine. Dawa yake ni krosi mbili, moja juu na moja chini, zenye pembe zinazolingana, huku panda mbili za shafti ya kati zikiwa kwenye mstari mmoja. Kosa la krosi ya kwanza hufutwa na la krosi ya pili. Shafti ya kati ikifungwa na panda zake zimepishana bila hesabu, makosa mawili hujumlishwa. Ikilazimu kutumia krosi tatu ili kukwepa egzosi, shafti lazima ishikiliwe na beringi ya kati, la sivyo itayumba.

Mafundi wengi wa Marekani wamegundua njia ya akiba: shafti ya Jeep Cherokee ya miaka ya 1980, yenye krosi, inayopatikana kwenye yadi za magari mabovu. Nayo haifungwi kwa macho. Shafti mbili za boksi zenye kipenyo cha milimita 19 zinaweza kufanana kabisa huku moja ikiwa na meno 30 na nyingine 36. Fundi huyasafisha meno, hutia alama ya chaki kwenye jino la kwanza na kuhesabu hadi arudi kwenye alama. Anayelazimisha jointi iingie kwa nyundo huyaumiza meno na beringi za ndani ya boksi kwa pamoja.

Jambo jingine lisilo na mjadala ni uwezo wa shafti kuingiana. Kampuni ya General Motors ilianza kufunga nguzo za usukani zinazojikunja wakati wa ajali katika magari yake ya mwaka 1967. Kanuni za Marekani zilizoanza Januari 1968 kwa magari ya abiria zilitaka usukani usirudi nyuma zaidi ya milimita 127 katika jaribio la kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Shafti mpya inapaswa kuwa ya vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, kwa ajili ya ajali na kwa ajili ya kupokea mwendo wa bodi juu ya chasisi, kwa kuwa kisahani kilichoupokea zamani hakipo tena. Bomba moja lililochomelewa kutoka juu hadi chini ni mkuki unaomwelekea dereva kifuani.

Wakati wa kufunga, tairi huelekezwa mbele na usukani hufungwa usizunguke. Fundi hutia alama shafti ya zamani kabla ya kuitoa, ili mpya iingie katika mkao ule ule. Akikosea nusu mzunguko, usukani utakaa kichwa chini wakati gari linakwenda sawa. Bolti ya kubana lazima ipite kwenye mkato uliochongwa katika shafti ya boksi, kwani mkato huo ndio unaozuia jointi isichomoke hata bolti ikilegea. Pale jointi inaposhikwa kwa skrubu, fundi huchimba kitundu kifupi kwa drili ili ncha ya skrubu izame humo, hutia gundi ya kuzuia kulegea, kisha hufunga nati ya pili juu yake. Baadaye usukani huzungushwa taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, huku fundi akiangalia kwamba shafti haigusi egzosi, waya wala bomba la mafuta. Honi nayo hujaribiwa, kwa kuwa katika baadhi ya magari umeme wake hurudi kupitia shafti hiyo hiyo. Gari likishatembea siku chache, kila bolti hukaguliwa upya.

Krosi haitoi faida bila kudai kitu. Mitetemo ambayo mpira uliimeza sasa hufika mikononi, na mlio wa pampu husikika zaidi. Fundi mwaminifu humweleza mwenye gari hayo mapema, ili achague akijua. Kwa gari linalopanda miamba na kubeba tairi nzito, krosi ni chaguo bora. Kwa gari la safari za polepole, kisahani kipya kinatosha. Kinachostahili sifa katika njia zote mbili ni mkono uliopima kabla ya kufungua na kukagua baada ya kufunga. Mwenye gari la zamani na amtafute fundi wa namna hiyo, na amlipe kwa muda aliotumia kupima, si kwa uzito wa kipuri alichofunga.